Kocha Aliyetukataza Kuitana

Msimu ule timu ya wasichana ya chuo chetu cha ualimu haikushinda hata mechi moja, na mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Mwaka uliotangulia tulifundishwa na mama mmoja, mkufunzi wa baiolojia, aliyekuja uwanjani amejifunga khanga kiunoni, na sauti yake ilisikika tangu getini. Alisisitiza jambo moja kuliko yote: kuitana. Mpira wako, sema "wangu!" Kuna mtu mgongoni kwa mwenzio, mwambie. Tulikuwa timu ya makelele, na tulifika fainali.

Mkuu wa chuo akamwondoa bila hata asante, akatuletea wanaume watatu: kocha, msaidizi wake na mwalimu wa viungo. Siku ya kwanza kocha alitupanga mstari juani.

"Hapa si sokoni," akasema. "Uwanjani nazungumza mimi. Nyinyi mnacheza. Atakayefungua mdomo, namtoa."

Mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Nikajibu, "Sawa, mwalimu." Hiyo "sawa" naichukia hadi leo.

Tukacheza kimya. Muheza tukafungwa nne. Korogwe tatu. Nyumbani Tanga tukafungwa na timu tuliyokuwa tukiichezea tutakavyo. Nilikuwa beki wa kati, naona kila kitu: winga wetu anafuatwa kwa nyuma, hajui, nami nimeuma meno. Kila mechi ikiisha wale watatu walituimbia wimbo mmoja: wasichana waoga, hamna akili ya mpira.

Kipa wetu, Msambaa wa Lushoto, mpole, nililala naye chumba kimoja. Tulipotoka Korogwe akaniambia, "Nahodha, kawaambie watuache tuitane."

"Wiki ijayo," nikamjibu. Zikapita wiki tano.

Ndipo siku moja ikapigwa krosi. Mimi nikarudi nyuma nikiukodolea macho mpira, naye akatoka golini. Hakuna aliyesema neno. Goti langu likampata bega la kulia, nikasikia mfupa ukikatika kama ukuni. Mpira ukajiendea wavuni taratibu.

Kocha hakusogea. Alisimama pembeni ya mstari akapiga kelele, "Mmelala?"

Nikavua kitambaa cha unahodha nikamfuata. "Hatukulala! Umetufunga midomo! Njoo umtazame uliyemvunja!"

"Toka uwanjani kwangu."

"Uwanja si wako!"

Kesho yake mkuu wa chuo akaniita. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alitaka barua ya kuomba radhi.

"Wale ni wageni, wapeni muda," akasema.

"Na mwenzangu aliyelazwa?"

"Mpira una ajali zake."

Sikuandika. Nikafungiwa mechi zote zilizobaki, na wenzangu wakapigwa zote. Msimu ulipokwisha, makocha wale wakaongezewa mkataba. Ubaoni ikabandikwa taarifa kwamba timu ilikosa nidhamu.

Kipa sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Lushoto. Mkono wake wa kulia hauvuki bega. Ubaoni anaandika nusu ya chini tu. Mwaka jana nilimwendea nikamwomba radhi kwa lile goti.

"Goti ni bahati mbaya, dada," akasema. "Zile wiki tano ndizo ulizonikosea."

Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, nikainywa.