Mtungi wa Bot Chebet

Harufu ya dawa ya maji hunichosha kabla sijaanza kazi. Ni ile dawa ya matone, yenye ukali wa kuchoma pua, na nikifungua tu kifuniko chake mabega yanalegea yenyewe. Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Sotik, nikiitia kwenye mitungi miwili ya lita ishirini, binti yangu akaniuliza kwa nini miwili wakati tuko watatu tu na mfereji uko mlangoni. Nilimwambia anishikie faneli, aache maswali. Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa hamna haraka kama yeye.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Roret, zile zinazoitwa laini kwa sababu zimejengwa kwa mstari. Mama alikuwa mchuna majani. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbali, akija mwisho wa mwezi. Sisi ni watu wa ziwani tuliofuata kazi huku kwa Wakipsigis, lakini ziwa lenyewe mimi nililijua kwa safari za mazishi tu.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Mama aliamua tuwe na maji ya akiba. Kazi ikawa yangu. Kila Jumamosi nilimwaga ya wiki iliyopita kwenye karai la kufulia, nikausuuza mtungi, nikateka mengine, nikayachuja kwa leso iliyokunjwa mara nne, kisha nikayachemsha sufuria baada ya sufuria. Mnajua mvua za kwetu. Kuni za bluugamu hazikauki, na moto wake ni moshi mtupu. Nilipuliza mpaka macho yakavimba. Maji yakipoa nilitia dawa na kufunga, na Jumamosi iliyofuata tulianza upya bila mtu kunywa hata kikombe kimoja. Niliuchukia mtungi ule kuliko hesabu za shule.

Kando yake kulikuwa na begi. Mama alitia unga, chumvi, mishumaa, kiberiti kilichofungwa kwa nailoni, glukosi, na blanketi la Owino, mdogo wangu ambaye alikuwa bado anatambaa. Chini kabisa aliweka vyeti vyetu vya kuzaliwa.

"Mtu akikuuliza," aliniambia, "sema ni ya kipindupindu. Sema kliniki wametuambia tujitayarishe."

Nikaamini. Nilijiuliza tu kipindupindu kina haja gani na cheti changu, lakini Mama hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili akitoka shambani na mgongo unamuuma.

Aliyekuja kuuliza alikuwa Bot Chebet. Ndivyo Wakipsigis wanavyomwita mama wa Chebet. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye mizani ya majani. Aliingia kuomba chumvi, akamkuta Mama anavifunga vile vyeti.

"Mama Atieno, mnaenda wapi na makaratasi yote?"

"Hatuendi popote. Ni hii kipindupindu wanasema inakuja."

"Ai! Basi hata mimi nitaweka maji."

Kweli, Jumamosi alikuja na mtungi wake wa manjano. Tangu siku hiyo alichemsha maji pamoja nami, tukichangia moto mmoja. Alinifundisha kupanga kuni juu ya jiko tangu jana yake ili zikauke, na alinitania kwamba nikipuliza hivyo nitaoa badala ya kuolewa. Nilimpenda sana. Mama alikuwa akiinama na kujifanya anatafuta kitu kila Bot Chebet alipotaja kipindupindu, na mimi nilidhani ni mgongo tu.

Sasa nifike penye aibu yangu. Jumamosi ya mwisho kabla ya kura mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bot Chebet alichemsha kwake, Mama alikuwa shambani, na mimi nilikuwa nimechoka, jamani, kuchoka kwa mtoto asiyeona sababu. Nilijaza mtungi moja kwa moja kutoka mferejini, na maji ya mfereji ule yalitoka mtoni yakiwa na rangi ya chai. Matone ya mwisho ya dawa nikayapaka kwenye kifuniko ili kinuke. Nikaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Kura zikapigwa, matokeo yakasomwa, na kesho yake hakuna aliyekwenda kuchuna. Jirani zetu wa ziwani waliondoka mapema. Sisi tulichelewa kwa kuwa Owino alishikwa na homa, na tulipokuwa tayari barabara ilikuwa imefungwa. Mama akakomea mlango, akaziba dirisha kwa shuka, akasema hakuna kuwasha moto. Moshi ungewaambia watu kwamba tumo ndani.

Siku ya pili mchana, chai ya mwisho iliisha kwenye thamosi. Owino alikuwa amekauka midomo. Mama akauvuta ule mtungi, akamimina kikombe, akatia glukosi na kukoroga. Nilikiona kikombe kinaelekea mdomoni mwa mtoto.

"Mama, hayajachemshwa."

Nilingoja kofi. Halikuja, na hilo lilinitisha zaidi. Mama alikisukuma kikombe mbali, akaketi sakafuni, akafumba macho, huku Owino akikililia. Nje watu walikuwa wakipita wakiongea Kipsigis kwa sauti za juu, na hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukikiogopa miezi yote ile.

Kisha mlango ukagongwa taratibu.

"Mama Atieno. Fungua, ni mimi. Nasikia ile kipindupindu imefika."

Mama alisimama, mkono kwenye komeo. Hakufungua, wala hakuondoa mkono. Alimtazama Owino, akanitazama mimi, akafungua.

Bot Chebet aliingia kwa ubavu na mtungi wake wa manjano. Chini ya leso alikuwa amebana kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yasiyoharibika upesi.

"Hii nilichemsha Jumamosi," alisema. "Mpatie mtoto."

"Na ikiisha?" Mama aliuliza. "Siwezi kuwasha moto."

"Nitawasha kwangu. Moshi yangu hakuna mtu ataiuliza."

Alipotoka alitufungia kufuli kwa nje, nyumba ionekane tupu, akaenda na ufunguo. Tulikaa siku nne hivyo, mpaka barabara ilipofunguliwa. Kila ufunguo ulipoingia kwenye kufuli Mama alimbeba Owino na kurudi ukutani, mpaka amwone ni yeye. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nne Owino alimchekea Bot Chebet, naye akalia.

Nilikuwa mtu mzima nilipompelekea sukari kule Roret na kumuuliza alijua lini kwamba tulimdanganya.

"Siku ile ya chumvi," alisema. "Kipindupindu inataka cheti ya kuzaliwa ya nini?"

Miezi yote ile alikuwa amepuliza moto nami akijua tunajiandaa kuwakimbia watu wake, na kwa jinsi tulivyoogopa, hata yeye. Nikamuuliza kwa nini basi alihangaika na mtungi, yeye ambaye hakuwa na wa kumkimbia.

"Nilijua siku hiyo hamtawasha moto."

Nimechoka, nawaambia kweli. Kila uchaguzi ukikaribia nachoka upya. Lakini mimi niliolewa na Mkipsigis, na moshi wangu sasa hauulizwi na mtu. Kwa hiyo nachemsha mitungi miwili. Mama wa nyumba ya pili, ambaye amehamia hapa kutoka mbali, aliniambia juzi kwamba lile begi lililo nyuma ya mlango wake ni la mtoto anayekwenda shule ya bweni. Mtoto wake bado ananyonya.