Itikio la Nyumba ya Baba

Mume wangu alikuwa na kila kitu isipokuwa akili ya kusema jambo kwa wakati wake. Tangu Mbeya, juu ya lori la magunia ya mchele, alinisimulia habari za Uhehe kwao mpaka masikio yakachoka. Kupita Tosamaganga, kuelekea Idodi, kulikuwa na msitu wa wazee wao. Hapo vita vya Mjerumani viliteketeza kijiji kizima, na waliokufa hawakupata wa kuwafukia. Hapakatwi kuni, hapakanyagwi kwa viatu. Mtoto wa ukoo lazima aingizwe humo apewe jina mbele ya wafu. Asiyeingizwa si wao, na akifa anazikwa kando ya njia.

Wetu wa kwanza alikufa Mbeya kabla hajaingizwa, na huko ukweni hakuna aliyemlilia. Basi huyu wa pili nilimfunga mgongoni nikaapa kwamba ataingia hata kwa kupigana. Mungu wangu, nilijua ninachoapa?

Penye njia ya kuingilia msituni alisimama bibi yake mume wangu, kikongwe mwenye fimbo, akimsalimu kila mtu wa ukoo aliyefika: "Kamwene." Huku kwetu salamu hiyo haijibiwi ovyo. Kila ukoo una itikio lake, na ukilisikia unajua mtu katoka nyumba gani. Mimi ni Msangu, na sisi pia tunasalimiana hivyo hivyo. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti, nikaitika kwa adabu zote neno la nyumba ya baba yangu. Mume wangu, pamoja na maneno yake yote ya safarini, hakuniambia kwamba mahali pale mke huitika neno la ukoo wa mumewe, si la baba yake.

Lahaula! Fimbo ilitua kwenye paji la uso hata sijainuka. Damu ikaniingia machoni. Ya pili niliikinga kwa mkono, kidole kikavunjika, nikakisikia kikilia kama kijiti cha kuni. Bibi alikuwa akipiga kelele kwamba hilo ndilo neno waliloitana watu waliochoma nyumba zao, na yeye alilisikia akiwa amejificha ndani ya kihenge cha mahindi. "Nani kamleta huyu? Nani kamleta hapa?"

Wasangu tulikuwa upande wa Mjerumani, hilo nalijua. Babu yangu alikuwa akijisifia vita hivyo kila akinywa pombe, nasi wajukuu tulicheka. Lakini mwanangu alikuwa mgongoni, na fimbo ya tatu ilikuwa inakwenda huko. Niliidaka, nikamsukuma yule kikongwe akaanguka chali. Shemeji yangu akanishika nywele, nikamng'ata mkono mpaka akaachia. Wakanipiga mateke ya mbavu, nami nimelalia tumbo ili nisimlalie mtoto. Na mume wangu? Amesimama kama nguzo! Niliponyanyuka, wa kwanza niliyemzaba kofi alikuwa yeye.

Kofi hilo ndilo lililowanyamazisha. Mtoto alikuwa akilia, shuka limelowa damu yangu. Bibi alikaa chini akihema, akamtazama mtoto.

"Mtoto ni wetu," akasema. "Mlete. Wewe huingii."

Nilimwambia hapana. Nimkabidhi mwanangu mtu aliyetoka kunipasua kichwa? Nilimtukana, tena kwa Kisangu, aelewe vizuri. Yeye alinyoosha tu mikono. Nikamfikiria yule niliyemwacha kaburini Mbeya, hana jina kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Nikafungua shuka kwa mkono mmoja, nikampa.

Nilibaki nje, nimekaa kwenye vumbi, nimefunga kidole kwa kipande cha kanga. Nilisikia pombe ikimwagwa, kisha bibi akawaambia wafu kwamba huyu anapewa jina la mdogo wake yeye bibi, mtoto mchanga aliyechomwa mkuki siku ile mgongoni mwa mama yao. Akalitaja mara tatu. Wote wakaitikia.

Jioni mwanangu alilia njaa. Nilimpa titi akazidi kulia, na ili anyamaze ikanibidi nimwite kwa jina hilo, la mtoto waliyemuua watu wa kwetu.