Bobini ya uzi mweusi

Jambo zima lilimgharimu mama bobini moja ya uzi mweusi, na mimi masikio mawili yaliyovutwa. Nimehesabu mara mbili, hakuna zaidi.

Kila nikichoma lehemu, moshi wake hunirudisha utotoni, kwenye baraza moja ya mtaa wa Remera. Upande huu mama na cherehani yake, upande ule fundi redio na meza yake. Asubuhi nilipinda suruali kwa mama, mchana nilihamia kwa fundi. Mama akachoka.

"Leo unachagua," alisema. "Nguo ao redio. Uko na mikono mbili tu."

Mchana huohuo, redio ya mteja ilikatika kamba nyembamba inayosogeza mshale wa stesheni, na fundi hakuwa na nyingine. Nikachukua uzi wa mama, nikaukunja mara mbili, nikaupitisha kwenye kipande cha mshumaa kama alivyonifundisha kwa vifungo vya makoti, nikauzungusha mahali pake. Mshale ukatembea, muziki ukatoka.

Mama alivuta masikio kwanza, kisha akasikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Fundi, asubuhi mtoto iko wangu, mchana wako. Na bobini baki nayo, utalipa."

"Kesho, mama," fundi akacheka.

Bobini haijalipwa mpaka leo. Nami sijachagua: nashona, natengeneza redio, nafuga nyuki, na juzi nimenunua akodioni, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, kwa nusu ya bei. Mwenye kujua anishauri: nianze kufundisha mkono upi kuipiga?