Picha za Mwisho za Mama Urbano

Ukifika Manyoni ukauliza nani anapiga video za misiba, utaelekezwa kwa Mama Noel. Jina lake ni Martina, ila hilo limebaki kwa mumewe na kwenye kitambulisho. Harusi anapiga, ubatizo anapiga, mahafali ya darasa la saba anapiga, lakini huko anagombania na kila kijana aliyenunua kamera juzi. Misiba vijana wanaikwepa. Wanasema ina nuksi. Martina hakuwa na nafasi ya kuchagua. Mumewe alikuwa kibarua wa reli mpaka mgongo ulipomgomea, na tangu hapo kamera ndiyo inayoinjika sufuria. Kamera yenyewe imezeeka, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira, lakini picha bado inatoa.

Kumnyooshea kamera mtu usiyemjua si jambo dogo, na Martina analijua hilo kwa mwili wake. Stendi aliwahi kumwagiwa maji ya vyombo na mama ntilie aliyedhani bwana afya amemtuma. Itigi alikabwa kwa kanga yake na mwanamume aliyekuwa amekaa baa na mke wa mtu, wakati yeye anapiga msafara wa bibi harusi unaopita zake barabarani. Mambo kama hayo aliyamaliza kwa namna moja. Hakimbii, maana ukikimbia hata asiyejua kosa lako anaamini unalo. Anashusha kamera, anatoa shikamoo hata kwa mtu aliyemzidi umri kidogo tu, anamgeuzia kioo aone mwenyewe kilichopigwa. Kama mtu hataki, anakifuta palepale mbele ya macho yake. Miaka yote hiyo, njia hii haikuwahi kumwangusha, na alishaanza kujivunia kimoyomoyo kwamba hakuna mtu asiyeweza kumtuliza.

Msiba wa Kintinku aliupokea kwa simu kutoka Muscat. Aliyepiga ni Eliana, kitinda mimba wa marehemu, anayefanya kazi za ndani huko. Mama yake amefariki, na yeye hawezi kuja. Pasipoti anayo tajiri wake, na tajiri amesema mkataba haujaisha. Hata simu anapewa jioni tu, akishamaliza jikoni. Eliana hakuomba mengi. Alitaka video ya sura ya mama yake wakati anaagwa, iwe ndefu, isikatwekatwe, isiwekewe muziki wowote.

"Nataka nimtazame mpaka niamini," alisema. "Hapa nilipo siamini, mama. Napika, nafua, najiona kama nimeambiwa uongo."

Kaka yake, Urbano, ndiye aliyeusimamia msiba, na kamera aliikubali shingo upande. Shangazi yao alipofariki mwaka uliopita, mtu asiye na haya alipiga picha ya maiti kwa simu, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikamfikia mtoto wa marehemu kabla hajapewa taarifa. Ukoo ukasema haitarudiwa. Kwa hiyo kabla jeneza halijafunguliwa, katekista alitangaza kwamba simu zote zirudi mifukoni, na mwenye ruhusa ya kupiga picha ni mama huyu peke yake, akamwita mbele watu wamwone. Urbano naye akamvuta pembeni akamwapisha kwamba sura ya mama yake haitaonwa na mtu wa nje, awe nani. Martina akaapa, tena kwa moyo mweupe, maana aliona kuna haki ndani yake.

Kuaga kulikwenda vizuri. Sebule ilikuwa ndogo na dirisha moja, lakini alipata nafasi upande wa kichwani, akabana pumzi mkono usitikisike, akapiga bila kukata mpaka mtu wa mwisho alipopita. Jeneza likafungwa, misumari ikagongwa, vilio vikapanda. Martina alisogea ukutani akaangalia kidogo kwenye kioo akaona imetoka safi. Akajiambia kwamba kazi ya Eliana imekwisha, iliyobaki ni nyongeza.

Ana kawaida ya kutangulia. Ukilipiga jeneza ukiwa nyuma yake unaambulia migongo ya watu, kwa hiyo yeye huenda mbele, akasimama mahali pazuri, akausubiri msafara umjie usoni. Siku hiyo alipanda bodaboda akashuka kwenye njia ya makaburini, pale inapopakana na uwanja wa mnada. Bodaboda akageuza kurudi kutafuta abiria wengine. Ilikuwa siku ya mnada, ng'ombe wamejaa, vumbi limesimama, watu wamekuja kutoka kila upande.

Hapo ndipo alipokosea, na sijui ni nani kati yetu asingekosea. Mtu akishatambulishwa asubuhi mbele ya umati wa msiba, anajiona anajulikana kijiji kizima. Siku nyingine yoyote Martina angekwenda kwanza kwa wazee wa mnada, akawasalimia, akajieleza. Siku hiyo alijiona ameshajieleza. Akasimama kando ya njia na kanga yake kiunoni, akainua kamera, akapiga kidogo ile barabara tupu apime mwanga. Kundi la ng'ombe likakatiza mbele yake, naye akaliacha lipite huku kamera inaendelea.

Jambo ambalo hakulijua, na mnada mzima ulilijua, ni kwamba wiki chache nyuma kijana mmoja alipiga video hapohapo akairusha mtandaoni kwa kujifurahisha tu. Watu walioibiwa mifugo wakaziona alama za ng'ombe wao. Polisi wakaja wakabeba wanaume wawili, na mmoja wao alikuwa amenunua kihalali kabisa ila hana wa kumshuhudia. Yuko ndani mpaka leo. Tangu hapo mtu akionekana na kamera pale, hata wasio na doa damu inawachemka.

Wa kwanza kumfikia aliitwa Alute, mchuuzi wa ng'ombe, mwanamume mpana mwenye kofia ya pama na fimbo mkononi. Martina akashusha kamera, akapiga goti kidogo, akatoa shikamoo. Alute hakuitikia. Kwetu huku mtu mzima kunyimwa marahaba ni jambo zito kuliko tusi.

"Nani amekutuma?"

"Nasubiri msiba, baba. Jeneza linapita hapa sasa hivi."

Wote wakageuka kuitazama njia. Haikuwa na mtu wala gari. Martina hakujua kwamba kule nyumbani lori lililobeba jeneza lilikuwa limegoma kuwaka, na waombolezaji na nguo zao nzuri walikuwa wanalisukuma. Watu wakaongezeka, wakamzunguka. Mmoja akauliza ni msiba gani huo ambao yeye, aliyetembea na ng'ombe tangu Itigi, hajausikia. Mwingine akasema hata yule kijana wa juzi alisema anapiga picha za maua.

Basi akafanya kama alivyozoea. Akawageuzia kioo, akawaonyesha kipande cha mwisho, ile barabara. Na humo ndani, wazi kabisa, linapita kundi la ng'ombe.

"Huyo dume wangu," alisema Alute.

Martina akakifuta kipande hicho mbele yao, pole pole, kila mtu aone. Kwa wengine wote aliowahi kukutana nao hapo ndipo mambo yangeishia. Alute akamwuliza picha za nyuma yake ni zipi. Akajibu kwamba za nyuma ni za msiba. Akaambiwa azionyeshe.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angekibonyeza mara moja tu wangemwona mama wa watu amelala ndani ya jeneza na watoto wake wanalia, na kofia zingevuliwa. Lakini hao ndio watu wa nje wenyewe, duara zima la watu wa nje, na kiapo hakikuwa na saa mbili tangu kimtoke mdomoni. Martina ni mtu wa namna hiyo, akishasema amesema. Akaifunga kamera akaikumbatia kifuani.

"Hizo siwezi, baba. Mnisamehe."

Basi, kwao jibu likawa limepatikana. Kofi la kwanza hakuona limetoka wapi. Kanga ilichanika, kiatu kimoja kikatoka, akaanguka ubavu kwenye mbolea huku ameikumbatia kamera, na mikono ikaanza kumfungua vidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeuliza tena swali. Akiwa chini ndipo alipobadili mawazo. Akawaambia atawaonyesha, watazame, ni maiti, ni mama wa mtu. Alirudia na kurudia, lakini ilikuwa imeshapita saa ya kusikilizwa. Wakamnyang'anya kamera. Mmoja akataka kufuta vyote, kijana mmoja mwenye visikilizio shingoni akamwambia kufuta ni kazi bure, vikifutwa mafundi wanavirudisha, itolewe kadi. Alute akaitoa. Akaivunja kwa vidole viwili kama anamenya karanga, akatupa vipande, kisha akamrudishia kamera yake kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyefanya haki.

Martina hakulia. Alikuwa amekaa chini anatafuta kiatu wimbo uliposikika.

Ulianza kwa mbali, sauti za akina mama kwanza, halafu lori likatokeza kwenye kona polepole, msalaba mbele, Urbano amesimama nyuma ya jeneza ameshika ubao. Wachungaji wakawasukuma ng'ombe pembeni njia ipatikane. Kofia zikavuliwa moja baada ya nyingine, na Alute akavua pama lake, akaliweka kifuani, akainamisha kichwa mpaka lori lilipopita na vumbi lake likatua. Naichukia hiyo heshima kila nikiifikiria, na bado siwezi kusema ilikuwa ya uongo.

Kisha Alute akaanza kupekua kwenye mbolea kwa mikono yake. Akavipata vile vipande viwili, akavipangusa kwenye shati, akamwekea Martina kiganjani.

"Mama, si ungesema," alisema.

Martina akavifunga kwenye ncha ya kanga. Akavaa kiatu, akaenda makaburini kwa miguu.

Alimweleza Urbano hapohapo kando ya kaburi, kabla jeneza halijashushwa, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tu la kuokoa. Akamwomba lifunguliwe kidogo, hata kwa muda wa kuhesabu kumi, apige kwa simu. Urbano aliangalia kanga iliyochanika na shavu lililovimba, akaenda kwa wazee. Wazee hawakukaa sana. Jeneza likishapigwa misumari na marehemu ameshaagwa, halifunguliwi, mtu haagwi mara mbili, na tena kwa ajili ya simu. Urbano akarudi akasimama karibu yake huku kamba zinapitishwa chini ya jeneza.

"Ungewaonyesha tu, Mama Noel," alisema, kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

Alipiga kwa simu udongo unavyoingia, na mashada, na watu wanavyonawa mikono. Hakuna hata moja katika hayo lililoombwa na Eliana.

Jioni Eliana akapiga. Kaka yake alikuwa ameshamweleza yote. Martina alikuwa amejiandaa kutukanwa, na moyoni alitamani atukanwe, lakini Eliana alitoa shikamoo, akampa pole, akamuuliza kama ameumia sana na kama kuna mtu wa kumkanda. Hapo ndipo Martina alipolia, mumewe amekaa pembeni anamtazama. Eliana akamngoja amalize.

"Basi niambie wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekaa karibu naye kuliko wote. Alikuwaje?"

Martina akafumba macho. Akaliona dirisha, na mwanga ulivyokuwa unaingia kwa pembeni. Akakiona kitambaa cheupe kilivyokuwa kinameremeta mpaka akalazimika kupunguza mwanga wa kamera. Akauona mkono wa mtu ulioziba kidogo, na ukingo wa jeneza aliokuwa anauchunga usipinde ndani ya kioo. Akatafuta sura. Mdomo ulikuwa umefumbwa au umeachama kidogo? Kulikuwa na kilemba? Alikuwa mwembamba, alikuwa mnene? Muda wote ule alikuwa anautazama mwanga ulioko juu ya uso wa yule mama, na uso wenyewe alikuwa amemwachia Eliana auangalie.

"Alikuwa kama amelala, mwanangu," alisema.

Ng'ambo ya pili maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki.

"Wote mnaniambia hivyo," alisema Eliana.