Ungo Uliobaki Kapalamsenga

Jumapili ile Koplo Deo alikuwa anakaanga migebuka nyuma ya hema la jiko, na mimi nilikuwa nafua soksi. Samaki hao walikaushwa kwao Kapalamsenga, wakasafiri kwa lori na mwisho kwa ndege ya jeshi, wakatufikia milimani Kongo wakiwa bado wananuka ziwa. Deo aliuficha mfuko wa samaki hao chini ya kitanda chake. Aliponiona nasogea na sahani akasema, "Mlamba asali, hii si nta. Kaa huko huko."

Mimi ni Mkonongo, nimezaliwa Inyonga katika nyumba ya warina asali. Deo alikuwa Mfipa wa ziwani. Sisi ni watani, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumtukana toka asubuhi mpaka jioni, na yeye hakuwa na haki ya kununa. Nilimwita mchawi. Kila alipochelewa gwaride nilimuuliza kama ungo wake ulipata pancha njiani. Yeye alinijibu kwamba Mkonongo hawezi kupanda ungo kwa sababu akiona mzinga tu, safari imeishia hapo.

Tulitaniana mpaka kwenye redio call. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa redio wa kikosi chetu, na Deo alikaa na bunduki ya rasharasha kwenye kona ya barabara, mbele kabisa. Luteni wetu, kijana mpole wa Tabora, alitusikia siku moja akatuita wote wawili.

"Kwenye redio hakuna mtani," alisema. "Kuna cheo na kituo. Siku mtakayohitaji kuaminiana, nyie wawili, mtashindwa."

Tulipiga saluti. Kesho yake tukaendelea.

Tulikuwa tumevaa kofia za bluu, tumepelekwa kulinda amani katika mji mdogo ulio chini ya milima mitatu. Juu ya mlima wa tatu, ule wa mbali, walikaa waasi. Nyuma ya waasi kulikuwa na serikali ya nchi nyingine, ambayo sitaitaja, lakini kila mtu mjini aliijua, maana silaha mpya hazioti porini kama uyoga. Kabla yetu mji ule ulikuwa umelindwa na askari wa nchi nyingine kabisa, na viongozi wao walianza kusema hadharani kwamba wamechoka na watoto wao wanarudi nyumbani. Waasi hawakungoja warudi. Walishuka mlima mmoja.

Hayo nilielezwa na Mama Furaha, aliyekuwa akiuza mihogo karibu na geti letu. Yeye na wanawake wenzake hawakuwa na haja ya ramani. Asubuhi walitoka nje wakatazama moshi wa majiko ya waasi.

"Bakubwa bakikutana ku hoteli na kusema banasikitika, ule moshi unashuka," aliniambia huku akipima mihogo kwa macho. "Bakisema tena banasikitika sana, unashuka tena. Siye tunaangalia moshi tu."

Mwezi ule moshi ulikuwa kwenye mlima wa pili.

Kisha waasi wakatoa tangazo kwamba nchi yetu iondoe vijana wake, la sivyo itawapokea ndani ya masanduku. Tulilisikia wote. Siku mbili hakuna aliyecheka sana kambini, hata mimi na Deo. Mtu akisema kwamba askari haogopi, huyo hajakaa chini ya mlima akijua kuna mtu juu yake anayemhesabu.

Rais wetu wa wakati ule alijibu siku ya tatu. Tuliizunguka redio ndogo ya mpishi, tukiwa na sahani mikononi. Hakupaza sauti, wala hakumtukana mtu. Alieleza kwamba hatuna ugomvi na jirani yeyote, tumekwenda kwa sababu tumeombwa, na hatutaondoka mpaka kazi iishe. Akaongeza kwamba atakayewagusa vijana wale atakuwa ameigusa nchi. Kisha akageukia habari za mbolea na barabara, kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni.

Nilisikia kitu kikinipanda kifuani. Ilikuwa fahari, na sioni aibu kuiandika. Mtoto wa mrina asali wa Inyonga nimesimama nchi ya watu, na mtu wa kwetu amesema neno moja bila kulilamba. Deo aliacha kutafuna.

"Sasa ametufunga kamba miguuni," akasema.

"Unaogopa, Mfipa?"

"Sijasema vibaya. Nasema, kule juu sasa wanakaa chini wanaulizana: huyu mzee anatania au hatanii? Na watakuja kuuliza kwetu, hawataenda Dar es Salaam."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimesikia watu wakibishana kwenye vijiwe vya kahawa pale Majengo, Mpanda, mmoja anasema msimamo wa kiongozi unazuia vita, mwingine anasema unaileta. Nawasikiliza tu. Kwa nilivyoona mimi, maneno laini yalikuwa yakiushusha moshi mlima hadi mlima, kimya kimya, na waliolipa ni akina Mama Furaha. Neno gumu liliusimamisha moshi. Lakini kwanza lilikuja kupimwa.

Kipimo kilianza Jumatano saa mbili asubuhi.

Kombora la kwanza liliangukia shamba la mihogo. La pili liliangukia karibu na soko. Watu walianza kumiminika barabarani wakiwa na magodoro vichwani, wakielekea darajani, na barabara yenyewe ilipita nyuma ya kona ya Deo.

Siku ya kwanza tulijibu, wakanyamaza.

Siku ya pili walikaribia zaidi. Niliongea na Deo kwenye redio mara nyingi, na kwa kuwa woga ulikuwa umetubana, utani ulizidi. "Mfipa, rudi nyuma, kwenu mbali," nilimwambia. Akajibu, "Rudi wewe, nyuki wanakusubiri." Nilimwambia hivyo labda mara nne siku ile. Kila mara alicheka, na mimi nikajua yu hai. Ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuulizana hali.

Siku ya tatu walituona vizuri.

Makombora yalianza kuanguka ndani ya mahandaki. Sajenti wetu aliumia mguu. Luteni alinijia akitambaa, uso umejaa udongo, akasema kikosi chote kirudi nyuma mpaka darajani, kuanzia kona.

Nilibonyeza redio.

"Mfipa, rudi nyuma."

Niliyasema hayo kama nilivyoyasema jana yake. Sikutaja cheo. Sikutaja kituo. Mdomo ulikwenda ulikozoea.

Akacheka.

"Narudi na nini?" akasema. "Ungo nimeuacha nyumbani."

Nilibonyeza tena kumwambia kwamba ni amri. Kombora likaanguka nyuma yetu, na redio ikafa mkononi mwangu.

Luteni alimtuma mtu kwa miguu. Hakufika, makombora yalikuwa yanaichimba barabara mbele yake.

Tulikuwa tayari tumerudi nusu ya njia tuliposikia bunduki ya Deo. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga. Haikuwa na haraka. Waasi walikuwa wameanza kushuka, wakiamini barabara imebaki tupu kama walivyoikuta siku za wale waliotutangulia. Watu wa mjini walikuwa bado wanavuka daraja. Nilimwona Mama Furaha na beseni lake, hakuwa na mihogo, alikuwa amebeba mtoto asiye wake.

Luteni alisimama, akasikiliza, kisha akageuka. Sote tukageuka naye.

Tulipoifikia kona, waasi walikuwa wanapanda mlima kurudi walikotoka. Deo alikuwa amekaa, mgongo umeegemea magunia ya mchanga, mkono mmoja juu ya bunduki. Nilimwita Mfipa. Nilimwita koplo. Nilimwita Deogratias, jina ambalo sikuwahi kulitumia.

Hakujibu.

Wiki iliyofuata tulimshika muasi mmoja aliyejeruhiwa, na mimi nilikuwepo alipohojiwa. Alikuwa mtu mzima, amechoka. "Balituambia mutakimbia bombe ya kwanza, sawa bale bengine," alisema. "Ile mashini ya ku kona haikukimbia. Tukasema, basi prezida wao hakuwa anacheza." Moshi ulirudi mlima wa tatu, na muda wote tuliokaa pale haukushuka tena. Jirani aliyekuwa nyuma yao akaanza kuzungumza habari za mazungumzo.

Nilitoka nje ya hema nikakaa chini. Kule juu walikuwa wamejiuliza kama rais wetu anatania, wakapata jibu kwamba hatanii. Jibu hilo walipewa na mtu mmoja aliyedhani mimi ninatania.

Taarifa iliandikwa kwamba Koplo Deo alipokea amri ya kurudi, akabaki kwa hiari yake kuwakinga raia. Niliulizwa kama niliipeleka amri. Nikasema ndiyo, na sikuwa nimesema uongo. Hakuna aliyeuliza niliipeleka kwa maneno gani. Luteni peke yake alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatia sahihi.

Mimi ndiye niliyemsindikiza nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege wa Mpanda tulikwenda kwa gari la jeshi mpaka ziwani, na kila kijiji tulichopita watu walisimama kando ya barabara, wanaume wamevua kofia. Pale Kapalamsenga msikiti na kanisa viliomboleza pamoja. Wavuvi walipandisha mitumbwi yote mchangani.

Wakubwa walikuwepo, bendera ilikuwepo. Lakini mtani ana kazi yake msibani, na cheo chochote hakimzuii. Walipolinyanyua jeneza kwenda kaburini, nilivua kofia yangu ya kijeshi nikalala chali katikati ya njia.

"Huyu hapiti," nikasema. "Ni mkaidi. Nilimwambia rudi nyuma, akakataa. Eti ungo ameuacha nyumbani. Mimi ndiye niliyemuua, kwa mdomo wangu huu. Mnifunge kwanza, ndiyo apite."

Watu walicheka. Walicheka huku wanalia, kama inavyopaswa wakati mtani anafanya kazi yake vizuri. Shangazi yake alinimwagia maji, akaniita mlamba asali, akaniburuta mguu mpaka kando. Jeneza likapita. Nilikuwa nimesema ukweli wote mbele ya kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyeusikia.

Niliubeba hivyo kwa miaka. Nilistaafu, nikajenga Misunkumilo, hapo hapo Mpanda, nikalima mahindi yangu na kutundika mizinga yangu pembeni. Kila nikitambulishwa mahali kama mtu aliyekuwa na Koplo Deo, watu husimama kunipa mkono, na kila mara nilijiona nimevaa koti la mtu mwingine. Fahari yangu juu yake ilikuwa ya kweli. Iliyonitesa ni kutokujua: alibaki kwa sababu alikuwa shujaa, au kwa sababu mimi nilikuwa mpuuzi?

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilichukua dumu la asali nikaenda Kapalamsenga. Nilimkuta Mama Deo nje ya nyumba yake, anapepeta dagaa kwenye ungo. Amezeeka, lakini mikono bado ina nguvu. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwomba anisikilize kama mama, asinisikilize kama mtani. Nikamweleza kila kitu, kuanzia migebuka ile ya Jumapili.

Ungo ulikuwa umesimama mapajani mwake.

"Ulimwita koplo," akauliza, "au ulimwita Mfipa?"

"Nilimwita Mfipa, mama."

"Na yeye akajibu hivyo? Ungo ameuacha nyumbani?"

"Ndiyo."

"Akacheka?"

"Alicheka."

Alitazama ziwa. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka bila neno. Dagaa wachache walianguka chini, kuku wakawakimbilia, naye hakuwafukuza.

"Nyie mnaniletea bendera kila mwaka," alisema. "Mnaniambia alikuwa hodari, hakuogopa. Mimi nilimzaa, namjua, alikuwa mwoga hata wa radi. Miaka yote hii nalala nawaza mtoto wangu alikuwa peke yake pale, anaogopa."

Akashika ukingo wa ungo kwa mikono miwili.

"Kumbe alikuwa anacheka," akasema.

Kisha akalia, na mimi nikalia naye, mchana kweupe, watu wakipita na mitungi. Tulipomaliza alifuta uso kwa kanga, akaniuliza asali ile ni ya mizinga yangu au nimeiba ya watu, maana Wakonongo anawajua. Nikamjibu. Akanipisha upande wa pili wa ungo, nikaanza kuokota mawe kwenye dagaa.