Mafundo Tisa ya Zamda

Mke wangu, Zamda binti Mboni, tumemzika miezi mitatu iliyopita. Pale makaburini watu walimtaja kuwa mke wa mpiga picha za mpira. Sikuwajibu. Leo nawajibu.

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa nafagia duka la picha la Kanubhai, karibu na Mnazi Mmoja. Shule sikuiona. Kazi nilijifunza kwa kuchungulia chumba cha giza cha kusafishia picha, na Kanubhai hakupenda kuchunguliwa. Siku moja akanitupia kamera kuukuu.

"Chukua. Ukivunja, usirudi hapa."

Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Jumamosi nikawa napiga picha za mpira. Filimu moja, picha nane, basi. Hakuna aliyeniajiri. Picha ikitoka vizuri naipeleka kwenye ofisi ya gazeti moja kule Posta. Wakiipenda wanaichukua. Wasipoipenda wananifukuza mlangoni. Siku moja mhariri akanirudishia picha kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Nani kafunga? Dakika ya ngapi? Au mimi nibashiri? Lete picha na maneno yake."

Nikarudi nyumbani, Mtaa wa Sikukuu, nimenuna. Zamda alikuwa anachagua mchele. Yeye alisoma mpaka darasa la sita.

"Mpira naujua kuliko wewe," akasema. "Niletee daftari."

Zama zile mwanamke uwanjani alikuwa kichekesho. Mwanamke mwenye daftari uwanjani wangempiga. Kwa hiyo Zamda alifunga mafundo kwenye kanga yake. Pembe ya kulia timu hii, pembe ya kushoto timu ile. Fundo dogo ni nafasi iliyopotea, fundo kubwa ni goli. Tukifika nyumbani anafungua moja moja na kuandika, hakosei hata dakika. Chini anaweka jina langu, Uwesu.

Mhariri akalainika. Akaniambia, "Fainali ya Nyota na Wachukuzi, niletee habari yake Jumatatu. Ikiwa safi, ukurasa wa michezo wa kila Ijumaa ni wako."

Nikamwambia Zamda. Hakucheka, hakuruka. Alisema, "Ukurasa huo utatoka na jina langu."

"Watakubali?"

"Kwanza tuupate."

Siku ya fainali Mnazi Mmoja ilijaa. Nyota ndio waliotegemewa, lakini walikosa na kukosa. Kila wakikosa, Zamda fundo. Dakika ya themanini Theophil wa Wachukuzi akafunga kwa mguu wa kulia. Nilikuwa nyuma ya goli, nikaipata picha hiyo. Zamda akakaza fundo kubwa. La tisa hilo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, muuza kahawa mmoja akapiga kelele, "Jamani tazameni! Kila tukikosa, huyu bibi anafunga fundo!"

Basi. "Mchawi! Mvueni kanga!" Walitusukuma mpaka chumba cha klabu ya Nyota, Mtaa wa Kongo. Nimepigwa mateke na watu niliowapiga picha za harusi. Nawakumbuka wote.

Ndani walikuwemo wazee wanne na Eliakimu, katibu wa Nyota. Eliakimu alikuwa mtu wa kola ngumu na kalamu ya wino kifuani. Alishampelekea mhariri habari zake mara mbili, zikakataliwa. Wazee wakawafukuza vijana nje, maana mambo ya uchawi hayazungumzwi mbele ya kila mtu.

Hawa watano mpira hawakuuona. Mganga wao aliwapa mwiko: siku ya fainali wasiutazame mpira mpaka filimbi ya mwisho. Walikaa dakika tisini wameupa uwanja mgongo, wanatazama Kariakoo.

"Fungua, bibie," mzee mmoja akasema. "Kila fundo useme umemfunga nani. Hutaki, tutaikata kanga na wewe ukiwa ndani yake."

Zamda akanitazama. Mimi nilikuwa nimekumbatia kamera.

"Sijamfunga mtu," akasema. "Nahesabu makosa yenu." Akafungua. "Hili dakika ya saba. Vitalis wenu, yeye na kipa tu, kapaisha. Hili dakika ya kumi na tisa. Vitalis, nguzo. Hili dakika ya thelathini. Vitalis."

"Vitalis huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Mganga wenu mpelekeeni yeye."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Zamda akaendelea. Eliakimu alikuwa amechomoa kalamu, anaandika. Zamda akaiona ile kalamu.

"La tisa. Dakika ya themanini. Theophil, kwa kichwa."

Nikashtuka. Akanikanyaga kidole.

Eliakimu akacheka. "Kumbe kalamu ya Uwesu huvaa kanga!"

Wakatuachia. Njiani Zamda hakuniuliza nimeumia wapi. Aliuliza picha ya goli kama ipo salama.

Jumatatu tulikwenda Posta, yeye na habari yake, mimi na picha. Tukamkuta Eliakimu ameketi mbele ya mhariri, miguu kaikunja nne.

"Umechelewa, Uwesu," mhariri akasema. "Habari ninayo. Na nimeambiwa nani alikuwa anakuandikia."

Nikaweka picha mezani. Mhariri akaitazama, akaitazama karatasi ya Eliakimu.

"Umeandika kichwa. Huu si mguu?"

Eliakimu akaivuta picha karibu.

"Ulikuwepo uwanjani?"

"Nilikuwepo, bwana. Nilikuwa nimegeuka."

"Dakika tisini?"

Eliakimu akachezea kola yake. Zamda akaweka karatasi yake juu ya ile. Mhariri akasoma yote, polepole.

"Ni nzuri," akasema. "Lete kila wiki. Jina libaki la mumeo."

"Langu."

"Mama, wasomaji watacheka."

"Watacheka wameshasoma."

"Haiwezekani."

Zamda akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akatoka. Mhariri alikuwa ameweka kiganja juu ya picha yangu.

"Hii naichukua. Na wewe nakuandikisha, kila Jumamosi."

Nilitazama mlango. Kisha nikaiacha picha pale.

Ijumaa gazeti likatoka. Picha yangu juu, chini yake maneno ya Zamda, yale Eliakimu aliyoyaandika kule klabu, na chini kabisa jina la Eliakimu. Kichwa walikifuta, wakaandika mguu.

Zamda alilisoma amesimama jikoni.

"Mafundo yangu manane wameyaweka sawasawa," akasema. "La tisa umewanyooshea wewe."

Akalipasua, akawashia mkaa.

Nilipiga picha za mpira miaka ishirini na miwili. Eliakimu akaitwa mwandishi, na siku ya maziko alikuja na fimbo yake kunipa pole. Nilimwambia ainuke kwenye mkeka wangu. Zamda hakukanyaga uwanja tena. Herufi hizi alinifundisha yeye, uzeeni, bila kunipiga hata kofi, ingawa nilistahili.

Hakuwa mke wa mpiga picha. Mimi ndiye niliyekuwa mume wa mwandishi, na nilikaa kimya.