Tumbo Kwanza

Kabla ya kumpara samaki magamba, Musoki alimpasua tumbo. Wenzake sokoni Bwera walianza na magamba, tumbo likawa la mwisho. Yeye alianza na tumbo, akafungua utumbo kwa ncha ya kisu, akachungulia. Wateja wenye haraka walimtania.

"Mama daktari, mugonjwa amekufa na nini?"

"Njaa," alijibu bila kuinua kichwa. "Kama yako tu."

Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, zamani wakiishi Katwe kando ya Ziwa Edward. Mama alikufa, ziwa wakalihama, tabia ikabaki.

Ni tabia hiyo iliyomfanya, asubuhi moja ya mwezi wa nne, ampigie simu Ronah, afisa wa uvuvi kule Kasese.

"Binti yangu, kuja. Kakule ameniletea ngege ya bwawa lake. Moja si ngege. Ngege inakula majani; hii iko na watoto watatu wa ngege ndani ya tumbo."

"Labda ni kambale, mama."

"Kambale iko na sharubu. Nimezeeka, sijapofuka."

Ronah alifika kabla ya saa sita. Aliuona mdomo mpana, mkia wa mviringo na jicho linalong'aa hata baada ya kufa. Sangara. Kakule alikuwa amenunua vifaranga kwa mchuuzi mmoja mwenye madumu, akaambiwa vyote ni ngege. Na bwawa lake lilikuwa hatua ishirini tu kutoka mto Lhubiriha, unaomwaga maji yake Ziwa Edward, ziwa lisilo na sangara. Chuoni Ronah alisoma samaki huyo alivyofanya Ziwa Victoria: aina ngapi za samaki wadogo alizimaliza, zisirudi tena. Sasa wingu lilikuwa limekalia milima kwa siku ya pili. Mto ukifurika, ungeondoka na bwawa zima.

Walipofika bwawani, Ronah aliagiza maji yatolewe na samaki wote wauawe. Kakule aligoma. "Afande, hii inakua mbio kuliko ngege! Unataka niue mali yangu?"

"Uliweka ngege ngapi?" Musoki akamwuliza.

"Mia tano."

"Haya, tupa wavu."

Akautupa mara tatu. Walitoka ngege kumi na mmoja. Kakule akakaa kwenye nyasi, wavu mapajani.

"Imekula zote," akasema.

Alipoinuka, alichukua jembe akaenda moja kwa moja kwenye mfereji wa kutolea maji, kama afanyavyo kila mwaka anapovuna. Jembe lilikuwa limeshapanda juu Musoki alipopiga kelele.

"We Kakule! Huko ni mutoni!"

Wakauziba mfereji kwa magunia ya udongo, wakakata ukingo wa upande wa pili, maji yakaenea katika shamba la migomba. Hadi jioni samaki walikuwa wakirukaruka topeni na majirani wakiwaokota kwa mabeseni. Musoki alikaa juu ya kigoda, akampasua kila mmoja. Sangara walikuwa thelathini na wanane. Madimbwi yaliyosalia Ronah aliyamwagia chokaa mpaka hakikutikisika kitu.

Siku ya tatu mto ulifurika, ukabeba ukingo, bwawa tupu na migomba sita. Ronah alipata habari akiwa ofisini. Alifunga mlango, akalia kidogo, akanawa uso, akaendelea na kazi.

Hata hivyo mchuuzi yule hakuonekana tena, na hakuna aliyejua madumu mengine aliyauza wapi. Kwa hiyo wavuvi waliombwa wapeleke kwa Musoki kila samaki wasiyemwelewa. Miezi minane alipasua. Hakupata sangara hata mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili Ronah alimletea mwenyewe samaki aliyenaswa karibu na mto unapoingia ziwani, mwenye mdomo uliomtia wasiwasi. Musoki alikuwa kitandani, kifua kikimsumbua, na kabla ya Krismasi wangemzika. Ronah alikuwa na hakika, karibu hakika, kwamba ni ngege mzee tu. Lakini alimweka mbele ya Musoki.

Musoki aliomba kisu na sinia. Akapasua polepole, akafungua utumbo, akapitisha kidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cha kijani.

"Majani tu, binti yangu," akasema. "Kaanga, tukule."